Waya Mrefu wa Mzee Antena

Jina la Mzee Antena hakupewa na mama yake. Alipewa na mtaa, na mtaa ukishakupa jina basi tena, hata siku ya kuzikwa watu watauliza, "Kwani huyu ndiye nani?" mpaka watajiwe hilo.

Alipewa kwa sababu ya mlingoti. Nyuma ya nyumba yake, kati ya choo na kile chumba cha kupangisha, alisimamisha bomba refu la chuma, bomba juu ya bomba, akalikaza kwa waya pande zote lisiyumbe, na juu kabisa akaweka antena ya kushikia tivii. Ukitoka barabara kubwa unauona mlingoti kabla hujaiona nyumba. Kazi yake ilikuwa ufundi wa redio na tivii, tangu zile tivii za kisogo kirefu ambazo kuibeba moja mlihitaji wanaume wawili na mmoja wa kusema "polepole".

Sasa mtaa ule uko bondeni. Ukiweka antena fupi juu ya bati lako unapata chenga tupu, msoma habari anaonekana kama mtu aliyemwagiwa mchele. Kwa hiyo majirani wakaanza kuja. Na Mzee Antena, sijui kama mmewahi kuishi na watu wa namna ile, hakuwa na uwezo wa kumnyima mtu kitu kisichopungua. Utaratibu wake ulikuwa mmoja tu. Unakuja mlangoni, unapiga hodi, unakaa, mnaulizana hali za nyumbani, halafu yeye anakuuliza:

"Una waya wako?"

Kama unao, imekwisha. Anapanda ngazi, anaufunga kwenye kile kisanduku cha kugawia, anauwekea kitambaa cha rangi aujue. Wa fundi viatu wa njano, wa mama wa saluni wenye maua, wa kinyozi kipande cha soksi. Hakutaka kitu kwa mtu. Ila asiyepiga hodi, akapita uani akajiunganishia mwenyewe, huyo alimkata siku hiyohiyo. Halafu alikwenda kwake kumweleza kwa nini kamkata. Halafu alirudi naye kumfungia upya. Ndivyo alivyokuwa.

Lakini mlingoti ni kizingiti tu, mimi nataka kuwaingiza ndani. Mzee Antena alikuwa na dada yake mkubwa, na huyo ndiye mwenye hadithi.

Mama yao alikuwa mtu wa kibarua, anatoka hakujapambazuka, kwa hiyo aliyemlea yule bwana ni dada. Alimbeba mgongoni mpaka miguu ya mtoto inaburuza chini. Halafu mtoto akiwa bado mdogo akaumwa mguu, ugonjwa wa ndani ya mfupa, akalala kitandani wenzake wakicheza. Siku hizo tivii mtaani ilikuwa moja, kwa mwenye ghala, na watoto walijazana dirishani kuchungulia. Dada naye alikwenda. Akirudi anapanda kitandani kwa mdogo wake na kumsimulia picha yote, mwanzo mpaka mwisho. Anaigiza jambazi, anaigiza polisi, anaigiza mlango unavyolia. Na farasi! Picha za dada hazikukosa farasi. Alikuwa akipiga mapaja yake pa-ta-pa, pa-ta-pa, mpaka mgonjwa anaona vumbi. Na akifika pahali pagumu, jambazi keshainua bastola, dada anasimama na kusema, "Ngoja ninywe maji." Anakwenda mtungini, anakawia huko, anarudi na jibu la jambazi.

Mzee Antena alikuwa fundi mzima mwenye mke ndipo alipoiona picha mojawapo kwa macho yake, kwenye tivii ya mteja. Hakukuwa na farasi. Hakukuwa hata na punda. Ndipo akaelewa kwamba siku nyingi mwenye ghala alifunga dirisha, na dada hakutaka kurudi kwa mgonjwa mikono mitupu. Hakumwambia kwamba kagundua. Utamwambia nini mtu kama huyo?

Miaka ikaenda. Dada akawa mjane, magoti yakagoma, wanawe wakamchukua akakae nao ng'ambo. Watoto wazuri, nisiwasingizie. Lakini wana kazi, wanatoka asubuhi, na mama yao anabaki ghorofani na dirisha lisilofunguka. Lugha ya kule haijui. Jirani yake anamtikisia kichwa, naye anamtikisia, yamekwisha ya siku. Akipigiwa simu ikawa ni "Mmekula? Kumenyesha? Haya." Yule yule dada wa farasi! Mzee Antena aliziona simu zile zinafupika kama mshumaa, na kila akikata alikuwa anazungusha bisibisi mkononi.

Basi alasiri moja wakati wanapigiana, tivii iko wazi pale sebuleni, mama mmoja ndani ya tivii akaanza kufoka. Dada akasikia.

"Nani huyo anagomba nyumbani kwako?"

"Si nyumbani. Ni Mama Duka, wa kwenye tamthilia."

"Kafanyiwa nini?"

"Mume kamfia, kamwachia duka. Shemeji zake wanalitaka."

"Hebu geuza simu nimwone."

Akageuza. Dada akamtazama Mama Duka akigombana na ukoo mzima huku anapima sukari, bila kumwaga hata punje. Ilipokwisha, dada akaongea na mdogo wake mpaka chaji ikaisha. Aliwatukana wale mashemeji mmoja mmoja. Mzee Antena akaweka simu chini anacheka peke yake, mkewe akamuuliza, "Umepewa nini?" Akasema, "Nimerudishiwa dada yangu."

Kesho yake wakafanya tena, na keshokutwa. Lakini simu ya kupigiana ilikuwa inakatika palipokolea. Mkwe wake, mke wa mwanawe, ambaye alikuwa muuza simu mjini na hodari wa hayo mambo, akamwambia:

"Baba, hii itakusumbua. Nikufungulie ukurasa mtandaoni, urushe moja kwa moja, shangazi aingie atazame."

"Mlango wake unafungwaje?"

"Haufungwi, baba. Anayetaka anaingia."

"Hapo umesema. Lakini ngoja kwanza nikapige hodi kwa wenyewe."

Mkwe alidhani mzee anatania. Kumbe hatanii. Mzee Antena alivaa koti lake, lile la misiba na harusi, akaenda mpaka jengo la tivii. Getini akamkuta mlinzi amekaa kwenye kiti cha plastiki, mguu mmoja umetoka kwenye kiatu unapunga upepo.

"Hodi hapa."

"Karibu, mzee. Unamtaka nani?"

"Mwenye tivii."

"Hayupo. Nipo mimi."

"Basi nakwambia wewe. Ile tamthilia yenu ya Mama Duka, nataka nimwonyeshe dada yangu."

Mlinzi akamtazama juu mpaka chini. "Si umwonyeshe tu? Kwani si iko hewani?"

"Iko hewani, lakini ni yenu. Nimeona nisipite uani."

"Umefanya la maana. Mwonyeshe, mzee. Na unisalimie huyo dada."

Akarudi nyumbani kifua mbele. "Wamekubali," akamwambia mkewe.

"Nani kakubali?"

"Wenyewe."

Simu ikafungwa kwenye mgongo wa kiti kwa vipande vya mpira wa tairi, ikatazamishwa kwenye tivii. Na mlango usiofungwa, kama mjuavyo, hauchagui mgeni. Alianza kuingia dada. Siku ya pili kaingia binamu. Binamu kamwambia rafiki yake, dereva wa malori anayelala njiani, dereva kamwambia nesi mmoja wa huko mbali anayelea wazee wa watu. Wakawa wanaandika pale chini ya picha, na mke wa Mzee Antena, aliyekuwa na macho mazuri, ndiye msomaji.

"Huyu anaandika 'Hodi, mzee.'"

"Karibu! Muulize ana waya wake?"

Wote wakajua. Anayeingia anaandika "hodi", wenzake wanamjibu "una waya wako?", naye anaandika "ninao!" Ikawa ndiyo salamu ya pale. Yakija matangazo ya biashara, sabuni na magodoro, Mzee Antena anakigeuza kiti, watu wanawaona wenye nyumba: mama anafuma, mzee anapuliza chai. Wanaulizana hali mpaka matangazo yaishe, kiti kinageuzwa. Na kila siku kabla ya kufunga alisema kwa sauti kubwa, jina la tivii analitaja, "Tunawashukuru wenyewe kwa ruhusa yao, hasa rafiki yetu wa pale getini, Kiatu Kimoja." Mwizi gani mmewahi kumwona anashukuru namna ile?

Dada yeye kuandika hakuweza. Lakini tamthilia ikiisha tu, simu inalia. "Umemwona yule shemeji mwenye tai? Mbwa yule!" Na simu zikarefuka.

Haya. Wenyewe wakasikia wanashukuriwa.

Alikuja binti mmoja, viatu vyake virefu vimezama kwenye tope la uchochoro, kabeba mkoba wa ngozi. Alikuwa wakili wa kampuni ya tivii. Njia nzima, nadhani, alikuwa anapanga maneno makali, kwa maana anakwenda kukabiliana na mharamia wa mitandao. Mlangoni akakutana na mzee kashika bisibisi na mama kashika uzi.

"Shikamoo, babu. Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kaa. Si hicho, hicho ni cha simu."

"Babu, mimi ni wakili. Natoka kwenye kampuni ya tivii."

Mzee Antena uso ukafunguka. "Mama! Wenyewe wamekuja kututembelea! Leta chai! Kiatu Kimoja hajambo?"

Wakili akakaa. Ilibidi angoje chai iishe kumiminwa, maana huwezi kumtisha mtu anayekutilia sukari. Halafu akasema:

"Babu, unarusha matangazo yetu mtandaoni. Sheria ya hakimiliki inakataza."

"Nina ruhusa."

"Umepewa na nani?"

"Mlinzi wenu."

Wakili alifumba macho kidogo. "Tumemuuliza. Anasema ulimwambia unataka kumwonyesha dada yako. Yeye alidhani dada yako yuko chumba cha pili."

"Sikumdanganya."

"Hukumdanganya. Lakini mlinzi hana ruhusa ya kukupa."

"Basi mimi nimekosea mtu, sikufanya kosa. Njoo nikuonyeshe."

Akampeleka uani, viatu mkononi, akamwonyesha mlingoti na nyaya zake zinavyokwenda huku na huku na vitambaa vyake kama nguo za watoto. "Hiki kitu kiko hewani. Mimi nakishika. Jirani ana waya, namfungia. Dada yangu naye ni jirani, ila amehama mbali. Ule wa simu ni waya mrefu tu, mjukuu wangu. Waya mrefu."

Wakili akainua kichwa, akatazama kile kipande cha soksi cha kinyozi, akatabasamu bila kutaka. "Hawa, babu, sikuwajia. Hawa wako hapahapa, na matangazo yamerushwa yawafikie hawahawa. Lakini wewe umeyachukua, ukayarusha upya kwa njia nyingine, kwa watu wengine kabisa. Sheria inakuhesabu wewe nawe ni mrushaji. Na kila mrushaji apate ruhusa yake, asijifunike kwa ruhusa ya mwenzake."

"Basi nipeni hiyo ruhusa."

"Hatuwezi. Ile tamthilia hatukuitunga sisi, tumeikodi. Na tumekodi kuionyesha hapa nyumbani tu. Huko aliko dada yako kuna kampuni nyingine imeikodi."

"Basi wamwonyeshe wao!"

"Hawaionyeshi. Wameiweka kabatini."

Mzee Antena akamtazama. "Wamekodi chumba wakakifunga, wao wenyewe wanalala nje?"

"Ndiyo, babu."

"Na mtu mwingine asiingie?"

"Asiingie. Ni haki yao."

Mzee alikuwa ameshafungua kinywa aseme jambo zito, lakini mkewe alikuwa amesimama mlangoni na uzi wake, akamkatiza polepole kabisa. Jamani, mke aliyekaa na mtu muda mrefu ni wakili kuliko mawakili.

"Baba watoto. Yule fundi cherehani tulimtoa kwa nini?"

Yule fundi cherehani alipanga kile chumba cha uani. Mpangaji mzuri, mpole, anafagia. Siku moja Mzee Antena alipita pale akamkuta mtu asiyemjua anaoga. Fundi cherehani alikuwa amempangisha mtu chumba ambacho yeye mwenyewe kapanga. Mzee alimtoa, kwa maneno ambayo mtaa bado unayakumbuka: chumba nimekupa ulale wewe, sikukupa ukigawe.

"Lakini yule..." Mzee Antena akaanza.

"Yule naye alisema kinywa kimoja na wewe. 'Mzee, kwani chumba kimepungua?'"

Wakili akaangalia chini. Mzee akazungusha bisibisi, akazungusha tena. Mwishowe akasema kwa sauti ya mtu anayeomba, "Na nikimwonyesha dada peke yake? Mlango nikaufunga, yeye tu?"

"Babu, mimi ni wakili wao," binti akasema. "Hilo usiniulize mimi, maana nitalazimika kukujibu."

"Fundi cherehani aliingiza mmoja tu," mkewe akasema. "Tena kaka yake, tumbo moja."

Huwezi kushindana na nyumba yako. Mzee Antena alikubali. Wakili alipoondoka aliwaachia namba yake ya simu, akasimama pale uchochoroni muda kidogo kama mtu aliyesahau kitu, halafu akaenda.

Alasiri ile kiti kilitazama wenye nyumba tangu mwanzo. "Wanangu," Mzee akawaambia walioingia, "wenyewe wamekuja. Wamepiga hodi vizuri, wamekunywa chai. Kumbe mimi nilikuwa nagawa chumba cha watu. Kila mmoja akunje waya wake." Dereva wa malori aliandika kwamba analia na shehena nzima ya nyanya nyuma yake. Nesi aliandika "asante kwa chai", na hakuwahi kuinywa.

Kisha akampigia dada.

"Dada, waya umekatika."

"Utatengeneza?"

"Huu si wa kutengeneza. Ni wa watu."

"Haya," akasema. "Mmekula?"

"Tumekula."

"Kumenyesha?"

"Kidogo."

"Haya."

Hiyo "haya" ilimkaa mzee rohoni kama mwiba wa samaki kooni. Siku zilizofuata ikawa ni hivyo tu. Mmekula, kumenyesha, haya. Tamthilia aliitazama bila raha, kila Mama Duka akiwakomesha mashemeji yeye anageuka pembeni kutafuta mtu wa kucheka naye. Na siku moja, sijui ni nini, labda ni tangazo la godoro lile lenye mtoto amelala, akakumbuka kitanda chake cha utotoni. Pa-ta-pa, pa-ta-pa. Akaichukua simu akampigia wakili.

"Mjukuu wangu, sheria inasemaje juu ya mdomo?"

"Mdomo gani, babu?"

"Huu. Mimi nitazame, nizime, nimpigie dada yangu nimsimulie."

Kule upande wa pili alisikia kama mtu anavuta pumzi. "Kaka kumsimulia dada? Babu, simulia mpaka koo likauke."

Siku ya kwanza ilikuwa aibu tupu. "Mama Duka kaja, kasema, kaondoka."

"Kasemaje?" dada akauliza.

"Kasema hatoki."

"Kwa sauti gani? Kavaa nini? Mlango kaubamiza au kauacha?"

Kumbe mzee alikuwa hatazami, alikuwa anaona tu. Ikabidi ajifunze kutazama. Mkewe akawa msaidizi wake wa mavazi na sauti za kike, maana Mama Duka wa Mzee Antena alikuwa anakohoa kama pikipiki. Wakikosana njiani, "Hakuvaa kijani!" "Kavaa!", dada alikuwa anacheka mpaka anaomba wapumzike. Akaanza yeye mwenyewe kuuliza, kubishana, kutabiri. Simu zikarefuka kuliko hata zamani. Mwanawe mmoja alimwambia mzee, "Mjomba, mama siku hizi anaimba jikoni, mnampa nini?"

Halafu wale watunzi, Mungu awasamehe, wakamuua Mama Duka.

Bila hata kuugua. Alikuwa anashusha gunia, kashika kifua, kaanguka. Mke wa Mzee Antena alilia kwa sauti, kinyozi alisikika analalamika ng'ambo ya ukuta. Mzee alikaa na simu mkononi. Mjane mwenzake! Ndivyo dada alivyokuwa anamwita, "mjane mwenzangu". Kabla hajajua aseme nini, simu ikalia yenyewe.

"Mbona umechelewa?" dada akasema. "Leo lifti imeharibika, watoto hawatarudi mapema, nimekaa kama mzigo. Niambie, mjane mwenzangu kawafanya nini wale mbwa?"

Mzee akamtazama mkewe. Mkewe akatikisa kichwa: usimwambie. Halafu akatikisa tena: lakini usidanganye. Kichwa kimoja kikasema yote mawili.

"Alikuwa anashusha gunia," Mzee akasema.

"Ehe."

"Akashika kifua."

"Wewe!"

"Akashika kifua, halafu... halafu akatoa kitambaa mfukoni hapo kifuani, akajifuta jasho. Akainua gunia la pili."

"Hapo sasa!" dada akapiga kelele. "Hapo sasa!"

Ndiyo hivyo tena. Uongo ukiuzaa lazima uunyonyeshe. Kuanzia siku hiyo Mzee Antena alikuwa na tamthilia mbili. Kwenye tivii mashemeji walilichukua duka, wakaanza kupigana wao kwa wao, ikawa haina ladha. Kwenye simu Mama Duka alifungua mlango wa pili upande wa barabara, akaajiri mtu, akapata hata mchumba, mtu wa makamo wa kulinda geti, anayekaa na mguu mmoja nje ya kiatu.

"Utakwama wewe," mkewe akawa anamwambia. "Utakwama, nami nitakuwepo nicheke."

Siku moja wakili alikuja tena. Safari hii viatu vya chini na mfuko wa machungwa. Alisema alikuwa anapita tu. Uchochoro ule hauendi popote, lakini hawakumuuliza. Aliwaambia aliwaandikia wale wa ng'ambo waliofungia tamthilia kabatini, akawaomba waifungue, hawajajibu. Mzee akamshika mkono, akamshukuru kana kwamba wamejibu. Saa ilikuwa imefika, simu ikapigwa, mgeni akabaki na chungwa lake akisikiliza.

Alisikiliza kidogo, akamwinamia mama. "Bibi, Mama Duka si alikufa?"

"Hapa hafi," mama akanong'ona. "Kuna kesi hapo?"

Wakili akafikiri, akameza chungwa. "Kichwa cha hadithi ni cha wale watunzi. Lakini huo mkia," akanong'ona, "mkia huo hata mimi sijui wa nani kama si wa babu."

Mzee hakuwasikia, alikuwa kwenye shida zake. Mashemeji walikuwa wameziba njia ya duka, mbele gari na nyuma gari. Mama Duka yuko katikati na fungu la funguo. Dada kashika pumzi kule ghorofani. Na Mzee Antena kwa mara ya kwanza akaangalia mbele asione kitu. Mkewe akamwona, akaacha kufuma, akaanza kutabasamu.

"Ehe," dada akasema. "Mbele gari, nyuma gari. Akatokaje?"

"Akatoka..." Mzee akasema. "Akatoka... juu ya farasi."

Mkewe akajipiga kofi la paji la uso. Wakili akaziba mdomo.

Mzee akaitazama simu kama imekatika.

"Farasi?" dada akauliza.

"Farasi."

"Mjini? Katoka wapi farasi?"

Mzee Antena alijipapasa mfukoni kama jibu limo mle. Akamtazama mkewe, akamtazama wakili, hakuna wa kumsaidia. Akakohoa.

"Dada," akasema, "ngoja ninywe maji."

Kule mbali kikaanza kicheko, kidogokidogo, kama mtu anayetwanga polepole, kikapanda, kikapanda, mpaka dada akawa analia humohumo ndani ya kucheka, na mapaja yake anayapiga yanasikika kwenye simu.

"Kunywa, mdogo wangu," akasema alipopata sauti. "Kunywa taratibu, mtungi upo. Na farasi naye umpe, katoka mbali."